Deni la Wodi za Ukoma

Hospitali ya Kolandoto, Shinyanga, ilianza mwaka 1913. Mwaka huo Reli ya Kati ilikuwa bado haijafika Kigoma, na reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, inayopita Shinyanga mjini, ilikuwa ingali miaka 15 mbele. Mgonjwa alifika kwa miguu, kwa machela au mgongoni mwa nduguye. Nchi ilikuwa ya Wajerumani, lakini waliofungua kituo walikuwa Wamarekani wa Africa Inland Mission, shirika ambalo mwaka 1909 lilipokea kituo cha Nassa, kando ya Ziwa Victoria, kutoka kwa Waanglikana wa CMS. Mwaka mmoja baadaye Vita Kuu ikalipuka. Vita ikaisha, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja naye akaondoka, misioni ikawa Kanisa la Africa Inland Tanzania, na hospitali imebaki palepale, pale barabara ya Lalago na Mwanhuzi inapochomoza kutoka barabara kuu. Ni zaidi ya miaka 110 sasa. Gazeti hili linatoa pongezi zake.

Jubilei huku Usukumani hainogi bila kwaya, ng'ombe na hotuba, na hotuba zina njia yake: waasisi, majengo, idadi ya vitanda, ombi la gari la wagonjwa. Jina la Maynard, wamisionari wa miaka ya mwanzo, litatajwa kwa haki. Chuo cha afya kitatajwa, nacho kinastahili, kwa maana wauguzi na matabibu waliosomea Kolandoto unawakuta katika zahanati za Kishapu, Kahama na Geita wakifanya kazi ya watu watatu. Sisi tunaomba nafasi ya kusifu kitu ambacho wasemaji wengi hukitaja kwa sauti ya huruma kisha wakakipita haraka, yaani makazi ya wagonjwa wa ukoma. Kwa vizazi kadhaa, kwa watu wengi wa mkoa huu, kupelekwa Kolandoto kulimaanisha kupelekwa kwenye ukoma. Mtazamo wetu ni kwamba hapo palikuwa pa huruma, naam, lakini palikuwa pia pa sayansi, na mojawapo ya sayansi za leo zenye gharama kubwa zaidi katika tiba, ile ya kuzifunga seli za kinga vipande vya kingamwili ili zitii amri, ina deni kwa wodi za namna hiyo.

Tueleze kwa nini.

Vijidudu vya ukoma, alivyoviona Gerhard Armauer Hansen kule Bergen, Norway, mwaka 1873, ni vivivu kupita kiasi. Bakteria wengi hujigawa kila baada ya dakika 20 au saa moja. Hivi vya ukoma vinachukua karibu wiki mbili. Havitoi sumu kali. Hadi leo hakuna aliyefaulu kuviotesha kwenye chakula cha maabara. Ukivitazama peke yake, huelewi vinawezaje kumla mtu vidole. Jibu ni kwamba mara nyingi si vyenyewe vinavyokula. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Uingereza, Ridley na Jopling, walipanga sura zote za ukoma katika mstari mmoja kwa kufuata kinga ya mgonjwa. Upande mmoja wa mstari yuko mtu ambaye seli zake za kinga zimelala kabisa: vijidudu vinajaa kwenye ngozi kwa mamilioni naye hana homa. Upande wa pili yuko mtu ambaye seli zake ni kali mno: vijidudu huvioni hata kwa darubini, lakini amebaki na baka moja lisilo na hisia na mshipa wa fahamu uliovimba kiwikoni, kwa sababu seli zimeufuata mdudu mpaka ndani ya neva zikauharibu mji pamoja na adui.

Msomaji wa Shinyanga ana njia yake ya kulielewa hili. Sungusungu walianzia maeneo yetu haya haya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ulipopigwa, kijiji kizima kilitoka na pinde na marungu, na wezi wa ng'ombe waliokuwa wameshindikana wakakoma. Lakini tunakumbuka pia bibi vizee waliovamiwa kwa sababu ya macho mekundu, na watu waliohukumiwa usiku bila kusikilizwa. Tatizo la jeshi la namna hiyo halikuwa nguvu. Nguvu lilikuwa nazo. Tatizo lilikuwa nani wa kulielekeza, na nani wa kuliambia basi. Seli T, yaani askari wa kinga ndani ya damu ya binadamu, zina tatizo hilo hilo, na wodi ya ukoma ndiyo mahali ambapo daktari aliweza kuliona kwa macho, juu ya ngozi, kila siku.

Hali hubadilika ghafla. Mgonjwa ameanza dawa, anaendelea vizuri, halafu usiku mmoja mabaka yanawaka, mkono unavimba, na asubuhi kidole gumba hakinyooki. Huo ndio mcharuko wa ukoma: vijidudu vinakufa, kinga inaamka, na anayeumia ni mwenye mwili. Ukichelewa miezi, mkono umekwenda na haurudi. Ukiwahi kwa prednisoloni, mara nyingi unaokolewa. Kipimo cha kuwahi hakihitaji umeme wala mashine. Mhudumu anamwambia mgonjwa afumbe macho, anagusa kiganja kwa ncha ya kalamu ya wino, hapa, na hapa, na pale, kisha anauliza amegusa wapi. Anamwambia anyanyue kidole gumba, kisha anakisukuma chini huku mgonjwa akikizuia. Anaandika kwenye fomu. Mwezi ujao anarudia na kulinganisha. Hospitali ambayo wauguzi wake wanafanya hivyo mwaka baada ya mwaka inafuatilia mwenendo wa seli za kinga, hata kama hakuna anayeliita jambo hilo hivyo.

Sasa twende Jerusalem, maana deni lenyewe lilianzia huko. Mwaka 1964 daktari Jacob Sheskin alikuwa na mgonjwa wa ukoma aliyeshikwa na mcharuko wa aina ya pili: vinundu vyekundu mwili mzima, homa, maumivu yasiyompa usingizi. Dawa zilishindwa. Sheskin akakumbuka thalidomide, dawa ya usingizi iliyokuwa imeondolewa madukani mwaka 1961 baada ya kugundulika kwamba wajawazito walioimeza walijifungua watoto wenye mikono na miguu isiyokamilika. Wanakadiriwa kufika 10,000 au zaidi duniani. Akampa mgonjwa ili apate kulala tu. Mgonjwa alilala, na katika siku chache mcharuko ukatulia. Mwaka 1991 Gilla Kaplan na wenzake wa New York walionyesha sababu mojawapo: dawa ile inapunguza TNF, moja ya kemikali ambazo seli za kinga hutumia kuitana vitani. Mwaka 2010 watafiti wa Japani wakapata tundu ambamo ufunguo huo unaingia, protini iitwayo serebloni, ambayo kazi yake ni kuzitia alama protini nyingine ili zivunjwevunjwe. Kutokana na thalidomide ikatengenezwa lenalidomide, ambayo leo ni dawa ya kawaida ya saratani ya uboho katika nchi zinazoimudu.

Hatusemi kwamba ugunduzi huo ulifanyika Kolandoto. Tunasema uliwezekana kwa sababu kulikuwa na wodi za ukoma, na ndani yake wagonjwa ambao dunia ilikuwa imewasahau, na mtu wa kukaa nao usiku na kuandika alichokiona.

Upande wa pili wa hadithi ulikuwa ukijengwa kwingine. Kingamwili, zile protini zenye umbo la herufi Y zinazoelea katika damu, zina ncha mbili za kutambua adui na mkia wa kuita msaada. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, Cambridge, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu kwa wingi, zote zikitafuta shabaha ile ile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mainjinia wa protini wakaanza kuzikata. Ukikata ncha peke yake na kuishona kwa uzi mfupi, unapata kipande kidogo kinachotambua bila kuita. Zelig Eshhar na Gideon Gross, Taasisi ya Weizmann huko Israeli, walichapisha mwaka 1989 wazo lililoonekana la ajabu: waliichukua ncha ya kingamwili wakaiunganisha na mkia wa kipokezi cha seli T, wakaipandikiza juu ya utando wa seli. Seli ile ikaanza kumtambua adui kwa macho ya kingamwili na kumpiga kwa mkono wa seli T. Ncha haikuwa lazima itoke kwa panya. Maabara ya Raymond Hamers, Brussels, ilitangaza mwaka 1993 kwamba ngamia ana kingamwili za peke yake ambazo ncha yake ni ndogo kuliko zote zilizojulikana, na tiba moja ya saratani ya uboho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 inabeba ncha mbili za namna hiyo juu ya kila kipokezi. Wafugaji wetu wa ng'ombe watuwie radhi. Safari hii ngamia ameshinda.

Tiba zenyewe huitwa CAR-T. Damu ya mgonjwa inatolewa, seli T zinachujwa, zinapewa jeni ya kipokezi kipya, zinazalishwa kwa mamilioni, kisha zinarudishwa kwa dripu. Aprili 2012, Philadelphia, mtoto wa miaka 6, Emily Whitehead, aliyekuwa na saratani ya damu iliyorudi mara mbili, alipewa seli zake zilizofungwa kipande kinachoitambua CD19, alama iliyoko juu ya seli B, aina ya seli za kinga ambazo ndizo zilizogeuka kuwa saratani yake. Siku chache baadaye alikuwa mahututi kwenye mashine ya kupumulia. Kilichokuwa kinamuua hakikuwa saratani. Ni seli zenyewe, zilizoitana kwa nguvu kiasi cha mwili kuungua. Aliokolewa na tosilizumabu, kingamwili nyingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi yabisi, inayoziba kipokezi cha moja ya kemikali zile za kuitana. Saratani ikapotea. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba hiyo Agosti 2017.

Muuguzi wa Kolandoto akisoma aya hiyo atasema: huo ni mcharuko. Naye atakuwa amepatia kiini cha jambo. Vijidudu ni tofauti, kemikali nyingine ni tofauti, kasi ni tofauti kabisa, lakini swali ni lile lile la Ridley na Jopling: kinga ikiamka, nani anaidhibiti? Hata namna ya kumchunga mgonjwa inakaribiana. Seli hizi zikianza kuuvuruga ubongo, dalili ya mapema ni mwandiko. Kwa hiyo kila siku muuguzi humpa mgonjwa wa CAR-T kalamu na kumwambia aandike sentensi moja, ile ile ya jana. Herufi zikianza kupinda, daktari anaitwa. Hospitali inayotoa tiba ya mamia ya maelfu ya dola bado inategemea kalamu ya wino na mtu anayekumbuka jana ilikuwaje.

Kinachotafutwa sasa ni hatamu. Seli ikishaingizwa mwilini inazaa na kuishi miaka, haiwezi kutolewa kama kidonge kinachoisha. Wahandisi wamejaribu njia nyingi: kipokezi kinachohitaji alama mbili kabla ya kufyatuka, jeni ya kujiua inayoamshwa kwa dawa, ncha zinazosimama kwenye seli za kutuliza badala ya seli za kushambulia. Erlangen, Ujerumani, Georg Schett na wenzake waliripoti mwaka 2022 wagonjwa 5 wa lupasi, ugonjwa ambao kinga humgeukia mwenyewe, waliopata nafuu baada ya seli zao B kufagiliwa kwa njia hii. Lakini hatamu inayotugusa sisi ilitangazwa Boston mwaka 2021. Watafiti walishona kwenye kipokezi kialama kidogo ambacho serebloni inakitambua pale tu lenalidomide inapokuwepo. Mgonjwa akimeza dawa, kipokezi pamoja na kipande chake cha kingamwili kinavunjwa na seli inatulia. Dawa ikiisha kwenye damu, kipokezi kinachipua tena na kazi inaendelea. Kazi hiyo ilikuwa ya maabara na panya, na safari hadi wodini ni ndefu. Lakini tazameni ukoo wa dawa yenyewe. Swichi ya kuwasha na kuzima silaha hiyo mpya ni mjukuu wa kidonge kilichothibitisha manufaa yake kwa mgonjwa wa ukoma aliyekosa usingizi.

Kuna watakaouliza haya yana maana gani kwa hospitali ambayo bado inahesabu chupa za damu. Swali ni la haki. Bei ya kwanza ya tiba ile nchini Marekani ilikuwa dola 475,000, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja kwa mtu mmoja, na hakuna mwenye akili timamu atakayeishauri Halmashauri ya Shinyanga iitie kwenye bajeti. Lakini mwaka 2023 India iliidhinisha CAR-T yake yenyewe, kazi ya Taasisi ya Teknolojia ya Bombay na Hospitali ya Tata Memorial, kwa bei ya karibu sehemu moja ya kumi. India ndiko serikali yetu imekuwa ikipeleka wagonjwa walioshindikana. Na magonjwa ya seli B hatuna uhaba nayo. Ukanda wa Ziwa Victoria umo ndani ya eneo ambalo Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, alilieleza kuanzia mwaka 1958: watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa siku. Saratani hiyo hubeba CD19 juu ya seli zake. Hospitali ya misioni ya Shirati, jirani zetu wa Mara, ilishiriki katika utafiti wa Mara Kaskazini ambako kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza uvimbe huo. Majibu hayakuwa mepesi, lakini nani angeyatafuta bila hospitali ya shambani yenye daftari safi?

Ipo pia sababu ya kuogopa, nayo inahusu zaidi upande wa migodini. Vumbi la karasha za kusagia mawe na la maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, lina silika. Seli mezaji za mapafu huimeza, hufa, na pafu linabaki na kovu na ulinzi dhaifu; ndiyo maana kifua kikuu humpenda mchimbaji. Kifua kikuu kikilala mwilini kinalindwa na uzio wa seli za kinga, na TNF ni sehemu ya saruji ya uzio huo. Mwaka 2001 ilibainika Marekani kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa kingamwili ya kuziba TNF walikuwa wanaamkiwa na kifua kikuu. Kila dawa inayonyamazisha kinga, iwe prednisoloni ya shilingi chache au seli ya mamilioni, ikifika Nyarugusu au Bulyanhulu itakutana na mapafu ya namna hiyo. Wanaotengeneza hatamu hizi Boston na Erlangen hawana wagonjwa wengi wa kifua kikuu. Sisi tunao, na tunao watu wanaojua kukitafuta: Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na namna Karel Styblo alivyoupanga hapa Tanzania ikaja kuigwa duniani kote.

Hapo ndipo furaha yetu ya jubilei inapoingiwa na wasiwasi. Tanzania ilishusha ukoma chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 mwaka 2006, na tangu hapo umekuwa ugonjwa wa kwenye vitabu. Wagonjwa wapya bado wanazidi elfu moja kwa mwaka nchini, lakini mhitimu wa leo anaweza kumaliza masomo bila kushika mshipa wa kiwiko uliovimba hata mara moja. Ujuzi huu hauna mashine ya kuuhifadhi. Unakaa mikononi mwa wazee, na wazee wanastaafu.

Tunaomba chuo cha Kolandoto kiweke kipimo cha neva, kwa kalamu na kwa misuli, kuwa mtihani wa vitendo kwa kila muuguzi na kila tabibu, wawe wataajiriwa kliniki ya ukoma au la. Kama yapo majalada ya zamani ya wodi ya ukoma, yatolewe stoo na yasomwe kwa pamoja na Hospitali ya Bugando na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa kule Mwanza kabla mchwa hawajayasoma. Mgonjwa aliyeandikwa kila mwezi kwa miaka kumi, na mcharuko wake, na dozi yake, ni data ambayo hakuna maabara inayoweza kuitengeneza upya. Na siku majaribio ya tiba hizi yatakapotafuta vituo Afrika Mashariki, Kanda ya Ziwa isisubiri kupangiwa.

Lakini la kwanza kabisa linawahusu wale waliobaki na vidole vifupi na nyayo zisizo na hisia, ambao miili yao ilikuwa darasa. Mtu asiyehisi mwiba anahitaji kiatu chenye soli laini, kipya kila kinapoisha, maisha yake yote. Viatu hivyo viingizwe kwenye bajeti ya halmashauri kama zinavyoingizwa dawa, badala ya kusubiri sadaka ya wafadhili.